Bei Zimepanda, Landrova Zetu Zinaondoka

Kila Jumamosi tukikutana gereji hapa Arusha hatukosi mpita njia wa kutupongeza. Anagonga boneti kwa kidole, analizunguka gari, halafu anasema: "Mzee, umekalia utajiri. Hizi zinatafutwa Ulaya." Tumechoka na pongezi hizo. Sisi wenye Landrova 109 na 88 za miaka ya sitini na sabini hatujauona huo utajiri. Tunachokiona ni bei ya spea.

Zamani gia boksi ikifa ulikwenda kwa fundi. Nyuma ya gereji yake kulikuwa na Landrova tatu mbovu zilizopandishwa juu ya mawe. Unachagua, unafungua mwenyewe, mnapatana, na jioni unaendesha kwenda nyumbani. Leo mawe yapo, Landrova hazipo. Alikuja dalali na lori akazibeba zote tatu, mpaka ile iliyoota majani sakafuni. Fundi alikuwa na watoto wa kulipia ada, hatuwezi kumlaumu. Lakini gari langu lilipoanza kuvuma kwenye difu, yeye huyohuyo aliitoa gia, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye jino lililolika, akanyamaza. Kisha akaipaka mafuta na kuirudisha palepale ilipotoka. "Hakuna nyingine," akaniambia. "Ukipanda mlima wa Mto wa Mbu, panda taratibu."

Tunajua bei hizi zilikotoka. Tarehe 29 Januari 2016 kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa Landrova Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani, na watu wakaanza kuzigombania zilizobaki. Wamarekani nao sheria yao inawaruhusu kuingiza gari la nje likishatimiza miaka 25, hata kama halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya kwao. Kwa hiyo kila mwaka Landrova nyingine zinafikia umri wa kununuliwa na matajiri wao. Kiwanda chenyewe kiliona biashara. Mwaka 2018 kilitangaza Defender 150 zilizofanyiwa ukarabati na kuwekwa injini ya V8, bei ikianzia pauni 150,000 kwa moja.

Bei hiyo ni ya gari lililovuliwa mpaka chesesi na kujengwa upya na kiwanda. Yetu yana bodi ya aluminiamu isiyoshika kutu, ila chini yake kuna chesesi ya chuma iliyochomelewa mara nne. Muuza spea hajali tofauti hiyo. Amesikia pauni, basi springi za nyuma anazipigia hesabu ya pauni.

Tunaambiwa tuuze. Nikiuza nitashika hela, sawa. Na kesho yake nitanunua gari gani la kunifikisha shambani wakati wa masika? Landrova nyingine? Nayo imepanda vilevile. Thamani hii ni ya mtu anayeachana na gari, na sisi hatuna nia ya kuachana nayo. Baba yangu alibebea kahawa kwenye hii 109, na usiku mama alipozidiwa na uchungu wa uzazi ndiyo iliyomfikisha hospitali. Sitaki kuijua bei yake.

Hata wanaouza hawafaidiki kama inavyosemwa. Mjane mmoja jirani yetu aliuza ya marehemu mumewe kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu dalali alimwambia gari halina maana tena. Wiki mbili baadaye tuliiona mjini imepigwa rangi mpya, inauzwa kwa fedha ambazo mama yule angeweza kumalizia nyumba yake.

Linalotuuma zaidi ni bima. Mwenzetu aligongwa na lori, kosa likiwa la lori wazi kabisa. Kampuni ya bima ikatuma mkaguzi, akatazama mwaka kwenye kadi ya gari, 1974, akaandika kiasi kisichotosha kununua hata mlango. Ukitaka spea, gari lako ni hazina. Ukitaka kulipwa, ni mkweche wa miaka hamsini. Iweje gari moja liwe na bei mbili, na zote mbili zituumize sisi?

Na wezi nao wamesoma soko. Landrova za abiria za zamani zilikuwa na paa la pili juu ya paa, la kukinga jua, na wakusanyaji wa nje wanalipenda mno. Mwenzetu mwingine aliamka akakuta lake halipo. Hawakuvunja hata kioo. Walifungua bolti moja moja kwa spana, wakaondoka na paa, taa za mbele na nembo. Tangu siku hiyo analaza gari ndani ya ua, na watoto wa mtaa waliozoea kulichezea jioni wanafukuzwa.

Oktoba 2024 Landrova zilipokusanyika hapa Arusha kutoka mikoani, tulifurahi kwa dhati. Kulikuwa na wazee waliokuwa hawajaonana miaka mingi. Lakini niliporudi kwenye gari nilikuta namba tatu za simu zimebanwa chini ya waipa, zote za wanunuzi.

Ninayemwonea huruma kuliko sisi wote ni kijana anayejifunza ufundi pale gereji. Anaijua injini ya 88 kuliko wengi wetu, na kwa miaka mitatu amekuwa akiweka akiba anunue ya kwake. Kila akifikisha bei, bei imeshasogea. Alikuwa na tumaini moja, mzee wa Monduli mwenye Landrova, aliyeahidi kumsubiri, na kila Jumamosi alikuwa akiniuliza kama bado anayo. Wiki iliyopita imenibidi nimwambie lori limeshapita.