Kajiado Asubuhi, Nyumbani Kabla ya Giza

Kutoka Kitengela hadi Kajiado kupitia Isinya ni kama kilomita 50 tu, na ufupi huo ndio huwaponza wengi. Hung'oa nanga saa sita mchana, nyama choma ikachelewa kuiva, mara giza! Barabara hii ndiyo iendayo Namanga. Malori ya Tanzania huipita usiku na mchana, na jioni ng'ombe na mbuzi huivuka wakirudi bomani. Basi ondoka saa mbili asubuhi. Kagua magurudumu, breki na taa (hasa taa), ubebe maji ya watoto na ya rejeta. Ifikapo saa tisa na nusu, hata mbavu zikiwa bado motoni, inuka, mchomaji atakufungia.