Mto Ukijaa, Mbuzi Asubiri

Leo siandiki habari za bumu wala wali wa kantini. Leo nimekuja na ugomvi.

Kuna wenzetu wa kutoka Ifakara wameandaa mashindano ya mitumbwi mto Kilombero, Jumamosi hii. Mbuzi wa zawadi ameshanunuliwa, mgeni rasmi ameshakubali. Tatizo ni moja tu: ni masika na mto umejaa. Nikasema yaahirishwe, nikaitwa mwoga. Haya, mwoga anajibu.

Hoja ya kwanza: "Mbona wavuvi wanapita kila siku?" Jamani! Mvuvi anachagua saa yake. Akiona maji yamebadilika rangi na magogo yanaelea, anafunga mtumbwi anaenda kunywa chai. Mshindani ameitwa na filimbi, watu wanashangilia, mbuzi anamwangalia. Huyo harudi nyuma! Tena mvuvi anapita kandokando, wakati mshindani anafuata katikati kwenye mkondo, maana ndiko kwenye kasi.

Hoja ya pili: "Tunajua kuogelea." Fizikia ya sekondari hiyo: kasi ya maji ikiongezeka mara 2, msukumo wake unaongezeka mara 4. Maji yakikubana kwenye nguzo ya daraja au gogo lililonasa, kuogelea hakukusaidii kitu. Hapo sijagusa mamba na viboko. Na Januari 2016 kivuko kilipinduka hapo hapo Kilombero kwa upepo na mvua. Kivuko, ndugu zangu, sembuse mtumbwi!

Ya tatu ndiyo inaniudhi kabisa: "Tutaangalia siku yenyewe." Nani ataangalia? Aliyechangisha hela? Siku yenyewe hakuna anayeuona mto, wote wanamwona mbuzi.

Kule Uingereza, kwenye mto Thames, wanaweka vibao. Kibao cha njano kikisema mkondo unaongezeka, chombo kisicho na injini kinashauriwa kisiingie majini. Chekundu maana yake mkondo ni mkali, vyombo vyote vinashauriwa visisafiri. Kibao hakina rafiki, hakimwonei haya mgeni rasmi.

Lakini hata wao wamewahi kulia. Machi 1993, wanafunzi 4 wa sekondari walikufa Lyme Bay kwenye safari ya kayaki baharini. Kabla ya hapo, wakufunzi walishamwandikia mkurugenzi wa kampuni iliyomiliki kituo barua ya kumwonya kuhusu usalama. Mkurugenzi huyo alifungwa, na mwaka 1995 ikatungwa sheria ya kusimamia vituo vya namna hiyo. Yaani makaburi kwanza, sheria baadaye. Sisi tunashindwa nini kuanza na sheria?

Na tukumbuke tunasomea ualimu. Muda si mrefu tutakabidhiwa watoto wa watu. Mwalimu anayepanga usalama kwa kuangalia zawadi, mimi mwanangu simpi.

Pendekezo langu ni hili. Wavuvi wazee wachore alama ya rangi kwenye nguzo wakati hakuna mashindano yoyote, vichwa vikiwa vimetulia. Maji yakifika alama, hakuna mbio, hakuna kikao. Waulizwe na watu wa juu ya mto, kwa sababu mvua ya huko hufika chini baadaye, hata Ifakara kukiwa na jua. Kila mpiga kasia avae jaketi okozi. Neno la mwisho awe nalo mzee mmoja asiye na ndugu kwenye mtumbwi wowote wala senti kwenye mchango.

Kwa Jumamosi hii, isogezwe mpaka Agosti, maji yakishuka. Mnasema mbuzi atakula nini hadi huko? Majani, jamani! Masika hii yamejaa kila mahali. Atanenepa, na wa kumla watakuwepo wote.

Mwenye hoja aje tubishane. Ni hayo tu.