Taarifa za Watazamaji Mtandaoni: Mpaka kati ya Upelelezi na Faragha

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Mkazi wa Kata ya Cheyo, Manispaa ya Tabora, anapotazama video kwa simu yake huacha kumbukumbu kwa kampuni ya simu na kwa mwenye jukwaa. Kwa kuwa laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, kumbukumbu hizo zinaweza kumtambulisha kwa jina. Je, nani ana mamlaka ya kuzidai, na kwa kiasi gani?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa mwenye cheo kinacholingana naye, uwezo wa kumwamuru mtu yeyote mwenye taarifa azitoe zinapohitajika kwa upelelezi au mashtaka ya jinai. Amri hiyo haihitaji kwanza kibali cha mahakama. Jamii Media ilikipinga kifungu hicho Mahakama Kuu, lakini mwaka 2017 mahakama haikukubali kwamba kinakiuka Katiba.

Hoja ya wapelelezi ina uzito. Tapeli wa miamala ya simu hufuta nyayo zake upesi, na anayecheleweshwa haki ni mwananchi aliyeibiwa.

Hata hivyo, mtazamaji si mtuhumiwa. Machi 2024 iliripotiwa nchini Marekani kuwa wapelelezi wa serikali kuu, wakimtafuta mtu mmoja, waliitaka Google itoe majina, anwani na namba za simu za waliotazama video fulani za YouTube kati ya Januari 1 na 8, 2023. Video hizo zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara 30,000. Amri ilitoka mahakamani, na bado watetezi wa faragha walihoji sababu ya kuwaingiza katika upelelezi watu wasiotuhumiwa kwa lolote.

Hapa nchini, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, na inataka kuingiliwa kwa haki hiyo kuwekewe utaratibu wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi na halali, na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Sheria hiyo inatoa misamaha kwa ajili ya kuzuia na kubaini uhalifu, lakini msamaha hauondoi haja ya kuwa na kiasi.

Kwa mtazamo huo, amri inayotaja kosa linalochunguzwa, mtu anayetafutwa na muda unaohusika humlinda raia, na humlinda pia mpelelezi dhidi ya kupingwa kwa ushahidi wake. Amri inayodai orodha ya kila aliyetazama humfanya mwananchi aogope kutafuta hata ushauri wa ugonjwa wake, na mwananchi mwenye hofu hatoi taarifa za uhalifu.

Anayeamini kuwa taarifa zake zimetumika isivyo halali anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Haki hiyo itakuwa na maana iwapo wananchi wataijua na kuitumia.