Nani Kaukata Wimbo wa Bibi?



Tunaandika haya tukiwa bado na hasira, na tunaomba radhi mapema kwa yeyote atakayejiona humu. Hatumtaji mtu. Lakini jambo lenyewe haliko kwetu peke yetu, ndiyo maana tumeona tulilete jaridani badala ya kulimalizia kwenye kikao cha ukoo, ambako kila tukifungua mdomo tunaambiwa tule kwanza.

Sisi ni wajukuu tisa wa bibi mmoja. Wanne tuko hapa Uingereza, watatu wako Muscat, mmoja Dubai, na mmoja, maskini, yuko peke yake Toronto na baridi yake. Bibi tunaye sisi wa hapa, anakaa kwa shangazi. Kazaliwa Unguja 1938. Macho yamekuwa hafifu, televisheni haimsaidii tena, na Kiingereza hakukitaka tokea siku aliyoshuka uwanja wa ndege. Basi tukakubaliana: Idi hii tusimnunulie Bibi khanga nyengine, sanduku limeshajaa. Tumkusanyie nyimbo. Si za dukani, hizo anazo. Nyimbo za nyumbani, alizokuwa akituimbia sisi na alizoimbiwa yeye.

Ilikuwa kazi ya miezi saba, na hatujapata kucheka kama tulivyocheka miezi ile. Shangazi wa Muscat alituimbia nyimbo za pembea za Idi pale Mnazi Mmoja, akasita katikati ya kila moja kutueleza nani alianguka na nani alichaniwa gauni. Shangazi wa Dubai alitaka kutuimbia za vugo, na vugo bila ya pembe si vugo, basi akagonga vijiko viwili juu ya sinia mpaka jirani akaja kubisha mlango. Mama mdogo mmoja alikataa kuimba chochote mpaka mumewe atoke nyumbani. Alipotoka ndipo tukajua kwa nini, maana zile alizofundishwa na kungwi wake si za kusikilizwa na kila mtu, na hizo tumeziweka mahali pake. Tulipata nyimbo za kusuka ukili, za kukuna nazi, kasida mbili, na kaseti ya harusi ya Ng'ambo ya mwaka 1984 ambayo redio imeshaitafuna nusu. Ndani yake mna jenereta, mna watoto, na mna mtu anapiga kelele mfereji ufungwe. Mpwa wetu mmoja hodari wa kompyuta alitaka kuzisafisha kelele zile. Tukamwambia mkono wake auweke mfukoni. Anayepiga kelele ya mfereji ni marehemu babu.

Zilipatikana nyimbo 23. Wa mwisho ulikuwa mfupi kuliko zote, wa kubembelezea mtoto. Shangazi anakaa naye Bibi lakini aliuimba kutoka kichwani mwake mwenyewe, kwa siri ili zawadi isifichuke. Sote tunaujua. Bibi alikuwa akitulaza miguuni mwake, anatutikisa, anauimba mpaka usingizi unatushika. Sote tunaujua na hakuna hata mmoja wetu aliyepata kujua unasema nini. Si Kiswahili. Si Kiarabu. Tulidhani ni maneno ya kitoto tu, ya kumchezea mtoto ulimi.

Aliyeufungua ni yule wa Toronto. Anafanya kazi hospitali, na mwenzake wa zamu ni mama wa Malawi, mtu wa Mangochi. Siku moja wakati wa chai akamsikilizisha kwenye simu. Yule mama akaiweka chai chini. Akasema, huyu anaimba Kiyao. Neno la kwanza, alilokuwa shangazi akilitamka kama jina la mtu, ni "mwanache", yaani mtoto. Mengine yamesagika kwa kupita vinywa vingi. Alitambua machache, mengine akabaki kutikisa kichwa. Lakini Kiyao ni Kiyao.

Kila mmoja akapiga hesabu yake kimyakimya. Bibi aliubeba wimbo ule kutoka kwa bibi yake mzaa mama, aliyemlea. Bibi huyo alikuwa mtoto katika miaka ya 1880. Kusafirisha watumwa baharini kulikwisha pigwa marufuku Unguja tokea 1873, lakini magendo yaliendelea, na wengi waliotoka nchi za Wayao na za jirani zake, kule Ziwa Nyasa, walishushwa Kilwa Kivinje wakapakiwa majahazini. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja mpaka 1897. Hatuna haja ya kuambiwa zaidi. Mtoto wa Kiyao hafiki nyumba ya Mji Mkongwe kwa matembezi.

Hapo ndipo alipoingia mkubwa mmoja wetu, ami yetu, ambaye tunamheshimu na tutaendelea kumheshimu. Aliomba aisikilize flashi yote kabla haijapelekwa. Akakaa nayo wiki mbili, akasema anatengeneza nakala za watu wa Muscat. Iliporudi tukahesabu. Nyimbo 22.

Tulipomuuliza hakukana. Alitupa sababu tatu, na tunazileta hapa kwa sababu tumeshazisikia kwa watu wengine wengi katika jamaa zetu, kwa maneno yale yale.

Kwanza alisema maneno yasiyofahamika huenda ni ya kiganga. Hili hatukai nalo. Yule mama wa Mangochi, Muislamu mwenzetu, asaa tungemuona anasoma istighfari badala ya kutokwa na machozi.

Pili alisema dini imetufundisha sitara, mtu humsitiri mwenzake. Naam, imetufundisha. Aibu husitiriwa, na dhambi ya mtu husitiriwa. Sasa hebu tuambiwe, mtoto aliyeibiwa kwao kafanya dhambi gani? Mwenye la kusitiriwa pale ni aliyemuiba, na aliyemnunua, na hao mbona wanatajwa kwa majina yao kamili na sifa zao, na nyumba zao wanaoneshwa watalii? Tukimfunika yeye tunawasitiri wao.

Tatu, na hili ndilo lenyewe, alisema kuna nasaba. Mnajua nasaba anayoisema. Imetundikwa ukumbini, imeandikwa kwa hati nzuri, ina fremu ya dhahabu, na inaanza na mtu wa Oman. Ina majina 14, baba kwa mwana. Tulisimama mbele yake siku ile tukaisoma jina kwa jina, na tunakuombeni na nyinyi mkaisome ya kwenu. Wanaume 14. Mwanamke hata mmoja hamna. Utafikiri watu wale walichipuka kutoka kwenye mtende. Wimbo wa Bibi hauligusi hata jina moja la karatasi ile, hauongezi wala haupunguzi. Ila karatasi ina wanaume peke yao, na wanawake waliowazaa hawakuandikiwa pahala. Walichokiacha ni kile walichokiimba wakati mtoto amelala miguuni. Ukikata wimbo ule umekata jina la mtu ambaye hana jina pengine popote.

Na hii haya ya suria imetoka wapi khasa? Maana wafalme wenyewe hawakuwa nayo. Sayyid Said alipofariki 1856, watoto wengi aliowaacha walizaliwa na masuria, na kutoka kwao ndio wakatoka masultani wa Unguja. Binti yake Salme, aliyezaliwa 1844 na mama wa Kicherkesi aliyeletwa suria, aliyaandika hayo bila ya kuona haya katika kitabu chake kilichotoka 1886. Mtoto wa suria kwa sharia alikuwa mtoto kama watoto wengine, anarithi na anatajwa. Basi watoto wa mfalme waliweza kutaja mama zao, sisi tunaosimama foleni ya basi Uingereza tunashindwa?

Mtazameni Siti binti Saad. Kazaliwa Fumba 1880, baba yake asili yake Mnyamwezi na mama yake Mzigua, akaingia mjini akiuza vyungu. 1928 akapelekwa Bombay na wenzake wakarikodi santuri za Kiswahili ambazo zilisikilizwa pwani nzima, na Shaaban Robert akamuandikia wasifu wake. Katika harusi zetu za hapa jina la Siti likitajwa kila mtu anajigamba, "wetu huyo". Ni huyo huyo ami yetu mwenye picha yake sebuleni! Fahari tunaiona kwa mwanamke wa asili ya bara aliyeimba Bombay, aliyeimba jikoni kwetu ndiye tunamtoa kwenye flashi.

Tunamfahamu ami hata hivyo, na si haki tusiseme. Alikuwa mtoto mdogo Januari 1964, katika siku ambazo mtu aliulizwa asili yake na jibu likaweza kumuua. Alifika Muscat baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita waliokuwa nje warudi, na huko nako akaulizwa kabila, safari hii ili apate karatasi. Mara mbili katika umri wake asili imekuwa mlango, na mara zote mbili alikuwa amesimama upande wa nje. Mtu kama huyo akisikia Kiyao kwenye flashi ya mama yake, hasikii wimbo wa kubembeleza, anasikia ofisa anaita jina lake. Tunamfahamu. Lakini karatasi zimeshatoka, ami. Zimetoka zaidi ya miaka arubaini. Hakuna atakayekuja kuzichukua kwa ajili ya wimbo.

Na huko Oman kwenyewe, nani asiyeijua liwa? Sur na pwani ya Batinah watu wanaicheza, na ndani yake mna maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wengine hawajui tena maana yake. Wameyaweka. Hawakusema kwa kuwa hatuyafahamu tuyatoe.

Yule wa Toronto alituhadithia khabari ya filamu moja ya 1998, na tangu hapo hatulali. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtaalamu wa lugha, Lorenzo Dow Turner, Mmarekani mweusi, alikwenda pwani ya Georgia akamrikodi mwanamke aitwaye Amelia Dawley. Aliimba wimbo mfupi aliorithi kwa wakubwa zake, na yeye mwenyewe hakuijua maana yake. Lugha ikaja kutambulikana kuwa Kimende, cha Sierra Leone. Miaka mingi baadaye watafiti wakauchukua wimbo ule wakazunguka nao vijijini huko, mpaka katika kijiji cha Senehun Ngola wakampata mwanamke, Bendu Jabati, anayeuimba. Bibi yake ndiye aliyemfundisha. Ulikuwa wimbo wa makaburini. Mwaka 1997 Mary Moran, binti wa Amelia, alisafiri kutoka Georgia akenda mpaka kijijini. Mistari mitano tu, iliyovuka bahari na ikakaa vinywani karne mbili, ndiyo iliyomfikisha. Sasa fikirini mmoja tu katika ukoo wa Amelia, mwenye haya zake, angesema maneno haya hayafahamiki, tuyatoe.

Tulibishana na ami mwezi mzima. Na katika mwezi mzima huo, wallahi tunaona haya kukiri, hakuna hata mmoja kati yetu, ami wala sisi, aliyefikiri kumuuliza mwenye wimbo. Tulikuwa tunamlinda. Yeye ana miaka yake themanini na ushei, kazika mume na watoto wawili, kavuka bahari mara tatu, sisi tunamlinda na wimbo wake mwenyewe.

Tukaivunja siri ya zawadi. Tukakaa miguuni pake, shangazi akauimba. Kisha mmoja wetu akamwambia kwa sauti ya chini, kama anayepeleka khabari ya msiba, "Bibi, wanasema wimbo huu ni wa Kiyao."

Bibi akatutazama kwa macho yake yale. "Kwani nyinyi mlidhani umetoka Maskati?"

Alikuwa anajua. Kajua maisha yake yote. Alisema bibi yake alikuwa akimwambia kwao kuna mto na mlima, na kwamba wimbo akifundishwa na mama yake walipokuwa wakienda shamba. Hakutwambia kwa sababu hatukumuuliza, na kwa sababu, alisema, "nyinyi mlikuwa mnapenda sana kuisoma ile karatasi ya babu yenu." Kisha akausahihisha wimbo, maana shangazi alikuwa akiukosea, na akaendelea nao pale ambapo shangazi hukomea. Una ubeti wa pili. Hatukuwa tukijua. Shangazi hakuwa akijua, kwa kuwa ubeti wa pili huimbwa mtoto akiwa ameshalala.

Umerikodiwa kwenye simu, mlango uko wazi na birika linachemka, na birika halitasafishwa. Yule mama wa Mangochi ameshapelekewa, na ameupeleka kwa mama yake Malawi, mtu mzima kuliko Bibi.

Wenye bibi zao hai tunawaomba wasingoje Idi. Ulizeni wimbo, ulizeni alifundishwa na nani, na huyo naye na nani, na kwao wapi. Andikeni jina la mwanamke mkipewa. Na atakayekuja na mkasi mwambieni akakae na Bibi kwanza.

Ama jamaa zetu wa Muscat waliopokea flashi yenye nyimbo 22: hiyo si yenyewe. Tupigieni simu, tutawapelekea nyengine. Wimbo wa Bibi sasa ndio wa kwanza. Na ami, kiti chako cha Idi kipo pale pale karibu yake, kaulizia mara mbili kama unakuja.