Gitaa Linaloteleza na Haki ya Mpigaji

Msafiri wa pwani anayepanda kutoka Nakuru kwenda Molo hufika Elburgon akiwa amekwisha kufunga vifungo vyote vya koti. Ni mji wa baridi, wa mbao na viazi, ukingoni mwa msitu wa Mau, na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 yapita papo hapo. Watu wake ni mchanganyiko wa Wakikuyu, Wakalenjin, Waogiek wa msituni na wengineo. Na muziki upendwao katika nyanda hizo, hata mgeni akashangaa, ni ule wa wachunga ng'ombe wa Marekani, wa kina Jim Reeves na Dolly Parton, wenye lile gitaa liliapo kama mtu aliyefichwa jambo.

Sisi wa pwani aghalabu huucheka muziki huo. Twasema ni wa kizungu, hauna mashairi, na gitaa lake lateleza kama mlevi ngazini. Leo twataka kulitetea gitaa hilo, na zaidi ya hilo kuutetea muziki wa vyombo vitupu, usiokuwa na mwimbaji.

Kwanza, si la kizungu kama tudhaniavyo. Mpigaji habani nyuzi kwa vidole, bali hupitisha juu yake kipande cha chuma au shingo ya chupa, na sauti ikapanda na kushuka bila ya kukatika. Ufundi huu wa chuma ulienezwa na Joseph Kekuku, kijana wa visiwa vya Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19. Hadithi yasema aliokota bolti kwenye reli, akaijaribu juu ya nyuzi. Huko Mississippi nako, mnamo mwaka 1903, W. C. Handy alimkuta mtu mweusi katika stesheni ya Tutwiler akipiga gitaa kwa kuburuta kisu. Wataalamu kama Gerhard Kubik wameihusisha kazi hiyo ya weusi na vinanda vya uzi mmoja vya watoto wa Afrika. Basi huyu tumwitaye mgeni huenda ana damu yetu.

Na habari ya kumpokea katika Bonde la Ufa ni ya ajabu. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefanya kazi katika reli kabla ya kujulikana, alirekodi santuri zake za kwanza mwaka 1927, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Katika baadhi ya santuri hizo limo gitaa la Hawaii, na mmoja wa wapigaji alikuwa Joe Kaipo, mtu wa visiwa hivyo. Inasimuliwa kwamba wamishonari wa Kiingereza walizifikisha santuri hizo kwa Wakipsigis, ng'ambo ya pili ya Mau. Watu wakasikiliza gramafoni, wakalipenda jina, wakalitamka kwa ulimi wao: Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Akawakuta Wakipsigis wana nyimbo za Chemirocha. Mmoja uliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, na huyo Chemirocha wao, kwa maelezo ya Tracey, amekuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, wakimwita aje acheze. Angalia vizuri walichofanya. Hawakwenda kununua gitaa ili wamwige mgeni. Walimtia ndani ya muziki wao, kwa chepkong, kinanda chao cha nyuzi, na kwa lahani yao. Sisi tuliofanya hivyo hivyo kwa taishokoto ya Wajapani tukaiingiza katika taarab ya Mombasa, kisha tukamsikia Juma Bhalo akizitia tuni za Kihindi maneno ya Kiswahili, hatuna uso wa kumcheka mtu.

Ama hiyo sauti ya kuteleza, mbona tunayo siku zote? Udi hauna vigawanyo shingoni. Fidla haina. Ndiyo maana mkono wa marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016, uliweza kuipata sauti iliyo baina ya sauti mbili, pale ambapo kinanda cha umeme hakifiki. Mpigaji wa gitaa la chuma anatafuta mahali hapo hapo. Wahindi walilitambua hilo mapema. Van Shipley alitoa santuri za nyimbo za filamu kwa gitaa bila mwimbaji, na Brij Bhushan Kabra akalipandisha gitaa hilo hata kwenye raga zao. Ali Farka Touré, Mwislamu wa Niafunké nchini Mali, alirekodi pamoja na Ry Cooder, fundi wa gitaa la kuteleza, santuri iliyotoka mwaka 1994.

Lakini watu wa pwani tunapenda neno. Tunakwenda kwenye taarab kusikia fumbo limepigwa nani. Hata hivyo wazee wa Ikhwani Safaa ya Unguja, chama kilichoanza mwaka 1905, walikuwa na bashrafu, muziki wa vyombo tu, ukipigwa kabla ya mwimbaji kusimama. Watu walikaa kimya wakasikiliza. Siku hizi bashrafu ikipigwa, wageni ndio kwanza wanatafuta viti, na redioni mtangazaji huzungumza juu yake kana kwamba ni mvua inanyesha nje.

Hapo ndipo penye malalamiko yetu. Rekodi za Kapkatet zilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoiasisi Tracey. Zilirudishwa kijijini kwa msaada wa Ketebul Music ya Nairobi zaidi ya miaka 60 baadaye, na aliyekuwa hai bado kati ya wapigaji, mzee Cheriyot arap Kuri, akapata kusikia ujana wake. Ziliweza kurudi kwa sababu Tracey aliandika nani alipiga nini, na wapi.

Sasa chukua santuri yoyote kuukuu ya taarab uliyorithi nyumbani, usome karatasi yake. Aghalabu jina la mwimbaji lipo, na jina la chapa lipo. Aliyepiga fidla ni nani? Wa taishokoto je? Mombasa wako bado wazee wanaoweza kujibu kwa kusikiliza tu, mkono huu wa fulani. Vijana wenye simu za kurekodi wawaendee mwaka huu, wawapigie santuri hizo, wayaandike majina. Na watangazaji wa redio, wakipiga muziki wa Elburgon au wa Lamu usio na mwimbaji, wauache ufike mwisho wake, kisha wamtaje aliyeupiga.