Mama Mzoefu Naye Apimwe Presha

Kuna mama ambaye akishika mimba ya nne au ya tano haoni sababu ya kwenda kliniki mapema. "Mimi ni mzoefu," husema, "hao wengine niliwazaa bila shida." Iwapo wewe msomaji ni mama wa aina hiyo, au ni mumewe, sikubaliani nawe, ingawa maneno yako yana ukweli kiasi.

Ukweli huo umo katika kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio. Ndilo humpa mtoto chakula na hewa akiwa tumboni, na haliwezi kazi hiyo bila mishipa mingi ya damu. Kondo hutengeneza protini zinazoichochea mishipa ikue. Lakini hutoa pia protini nyingine inayozinasa hizo za kwanza, mfano wa breki za matatu. Breki ikizidi, mishipa ya mama mwenyewe huumia: presha hupanda, figo huvujisha protini kwenye mkojo, na mambo yakipuuzwa huja kifafa cha mimba. Watafiti wa Boston, Marekani, akiwemo Dkt Ananth Karumanchi, walilieleza jambo hili mwaka 2003.

Kwa kawaida breki hiyo huwa kali zaidi katika mimba ya kwanza. Isitoshe, mishipa ya tumbo la uzazi ikishatanuka mara moja huwa rahisi kutanuka tena. Ndiyo maana maradhi haya huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, na ndiyo maana kifungua mimba mara nyingi huzaliwa na uzito mdogo kuliko wadogo zake.

Basi mzoefu hujikinga na nini? Kondo la nyuma haliwekwi akiba. Kila mimba hujijengea jipya, katika mwili ambao umeongeza umri. Ikiwa ni mapacha, breki huwa nyingi zaidi. Na ukikaa muda mrefu bila kuzaa, kinga hufifia: utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba baada ya miaka 10 hatari hukaribia ile ya mimba ya kwanza. Wangapi mjini hapa huolewa upya na kuanza tena wakiwa na miaka 38? Kuharakisha nako si dawa. Shirika la Afya Duniani hushauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Kisha uzazi ukizidi mara tano, hatari ya kondo kuziba mlango wa uzazi na ya kuvuja damu nyingi huongezeka.

Uingereza siku hizi hospitali hupima protini hizi katika damu. Nasi tukipata vipimo hivyo, vyema. Lakini mashine ya presha na kijiti cha kupimia mkojo tunavyo tayari, na lawama si za akina mama peke yao. Wapo wahudumu ambao wakiona kadi ya mwenye watoto wanne humpitisha haraka. Usikubali. Dai upimwe kila uendapo, na usiondoke bila kuambiwa presha yako ni ngapi.

Ukiumwa na kichwa kisichotulia, ukiona ukungu machoni, ukivimba uso ghafla au ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.