Saini ya Mume Haizuii Damu

Nimechoka kusikia vijiweni hapa Ruangwa eti mimba ya mke wa mtu isiguswe mpaka mumewe aarifiwe. Someni kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu. Kinamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama, hata kama kiumbe kilichomo tumboni kitapotea. Mume hatajwi popote mle.

Na mlango wenyewe ni mwembamba. Kwingine sheria yetu ni kali: anayemtoa mwenzake mimba kifungo hadi miaka 14, mwanamke anayejitoa mwenyewe miaka 7. Anayepita mlango huo ni mama aliye hatarini kufa. Huyo ndiye mnayetaka kumwekea komeo la pili?

Mama kaletwa kwa bodaboda kutoka kijijini, kanga imelowa damu, presha inashuka. Wifi yake yuko kwenye benchi anapiga namba isiyopatikana, kwa sababu mume yuko shimoni, machimbo ya Namungo, au kapeleka korosho ghalani. Fomu ya ridhaa iko mezani. Mgonjwa ana akili timamu na mkono wa kusaini, lakini anayesubiriwa ni mwanaume!

Tabia hii tumeilea kliniki. Mjamzito anaambiwa aje na mwenza. Asiye naye anatumwa kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba barua. Nia ilikuwa njema, wanaume nao wapime VVU. Tulichovuna ni imani kwamba mwanamke hatibiwi bila mdhamini.

Mtasema baba naye ana uchungu na mtoto wake. Anao, wala siubezi. Lakini mke mwenye amani nyumbani humwambia mumewe kabla hata ya kumwona daktari. Anayeficha, mara nyingi anaogopa kipigo. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiona hilo mwaka 1992 ilipofuta sharti la jimbo la Pennsylvania la mke kumwarifu mumewe kabla ya kutoa mimba.

Msiniletee mila pia. Sisi Wamwera tumehesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake. Hii ya mume kumiliki tumbo mmeitoa wapi?

Waganga wakuu wa Nachingwea na Ruangwa, toeni agizo la maandishi, libandikwe kila wodi: mama akiridhia, aingie chumba cha upasuaji; akiwa hajitambui, daktari aamue. Mume ataambiwa mama akitaka.